Bakteria Walinzi wa Mwanamke na Hatari ya UKIMWI

Mama anapoona maji yenye harufu yakimtoka ukeni, jambo la kwanza analofanya mara nyingi ni kutafuta sabuni. La pili ni kunyamaza. Mume haambiwi, kwa kuwa anaweza kuuliza yametoka wapi. Muuguzi wa zahanati haambiwi, kwa kuwa ni jirani, au ni kijana wa rika la mwanawe. Mwisho mtoto hutumwa duka la dawa akanunue vidonge vichache vya Flagyl. Mama anavimeza siku mbili, harufu inapungua, na shughuli za nyumbani zinaendelea mpaka mwezi unaofuata, hali inaporudi.

Makala hii tunamwandikia mama huyo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakifuatilia uhusiano uliopo kati ya hali hiyo, ambayo yeye anaiona ndogo na ya aibu tu, na kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Sehemu kubwa ya waliyoyajua waliipata kwa wanawake wa Afrika: Rakai nchini Uganda, Mombasa, Blantyre nchini Malawi, na KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Ni haki basi wanawake wenyewe wapate kujua kilichopatikana.

Walinzi wenye uchachu

Ndani ya uke wa mwanamke mwenye afya mnaishi bakteria kwa mamilioni, na wengi wao si adui. Wanaotuhusu zaidi wanaitwa laktobasili. Daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Ni jamaa ya wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Chakula chao ni sukari iliyo katika seli za ukuta wa uke, nao huigeuza kuwa asidi ya laktiki, asidi ileile inayoupa mtindi ukali wake. Homoni ya estrojeni ndiyo inayoongeza akiba ya sukari hiyo, na kwa sababu hiyo bakteria hawa hustawi zaidi tangu msichana avunje ungo hadi mama anapokoma hedhi.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Uke wenye laktobasili wa kutosha huwa chini ya 4.5. Katika uchachu wa namna hiyo virusi vya UKIMWI hupungua nguvu, na bakteria wengi waletao maradhi hushindwa kuongezeka. Ute mzito unaofunika ukuta wa uke nao hufanya kazi yake: hunasa virusi visifike kwenye ngozi laini iliyo chini.

Tahadhari ni muhimu hapa. Shahawa hazina uchachu, na zinapoingia hupunguza ukali huo kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mwanamke mwenye laktobasili tele anaweza kuambukizwa vilevile akikutana bila kinga na mwanamume mwenye virusi. Tunachozungumzia ni hatari kupanda au kushuka. Asije mtu akasoma makala hii akadhani ana kinga ya kuzaliwa.

Wakati mwingine walinzi hawa hupungua, na nafasi yao ikachukuliwa na bakteria wengine ambao kwa kawaida ni wachache. Hali hiyo inaitwa vajinosisi. Mwaka 1955 Herman Gardner na Charles Dukes wa Houston, Marekani, walimweleza mmoja wa bakteria hao, ambaye leo anaitwa gadinerela kwa kumbukumbu ya Gardner. Baadaye ilionekana kwamba hayuko peke yake. Ni kundi zima, nao hushikamana ukutani kama utando.

Mama mwenye vajinosisi anaweza kuona maji mepesi ya rangi ya kijivu au nyeupe, yenye harufu kama ya samaki, inayozidi baada ya tendo la ndoa au wakati wa hedhi. Mara nyingi hakuna mwasho mkali. Mwasho mkali na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyokatika huelekeza zaidi kwenye fangasi, ambao dawa yake ni nyingine kabisa. Lakini karibu nusu ya wenye vajinosisi hawaoni dalili yoyote. Duniani kote takriban robo ya wanawake wa umri wa kuzaa wanayo, na huko Rakai katika miaka ya 1990 ilikuwa karibu nusu yao.

Tumeandika “uchafu”, kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka, hata hospitalini. Hatulipendi. Mama aliyeambiwa ana uchafu huenda kuusafisha, na tutaona baada ya kitambo jinsi usafi huo unavyomdhuru. Tena neno hilo hubeba shutuma. Nyumba ngapi zimeingia ugomvi kwa sababu ya harufu tu! Wanawake waaminifu wenye waume waaminifu hupata vajinosisi. Kuwa na wanaume wengi huongeza uwezekano wa kuipata, ni kweli, lakini kuwa nayo si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote.

Yaliyoonekana Rakai, Mombasa na Umlazi

Mwaka 1997 Nelson Sewankambo wa Makerere na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake zaidi ya 4,000 wa vijiji vya Rakai. Miongoni mwa waliokuwa na bakteria wa kawaida, takriban 14 kati ya 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa wenye vajinosisi kali, walikuwa karibu 27 kati ya 100.

Hesabu hiyo ilishtua, lakini haikusema kipi kilitangulia. Huenda virusi ndivyo vilivyovuruga bakteria. Ilibidi wafuatwe wanawake wasio na virusi, wapimwe tena na tena, ionekane nani ataambukizwa. Jambo hilo lilifanyika Blantyre kwa akina mama wajawazito na waliotoka kujifungua, na taarifa yake ikatoka mwaka 1998. Lilifanyika pia Mombasa kwa wanawake waliokuwa wakiuza miili yao, taarifa ikatoka mwaka 1999. Majibu yalielekea upande mmoja. Wale wa Mombasa ambao hawakuwa na laktobasili waliambukizwa virusi kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka 2008 tafiti nyingi za aina hiyo ziliunganishwa pamoja, na ikaonekana kwamba vajinosisi huandamana na ongezeko la hatari la asilimia 60 hivi.

Tufanye hesabu ya nyumbani ili ieleweke. Tuseme mahali fulani, kati ya wanawake 1,000 wenye laktobasili, 10 huambukizwa kwa mwaka. Basi mahali hapohapo, kati ya 1,000 wenye vajinosisi, wataambukizwa 16. Kwa mama mmoja mmoja tofauti ni ndogo. Kwa mji mzima ambako nusu ya wanawake wana hali hiyo, ni makaburi mengi.

Utafiti uliotugusa zaidi ulifanyika Umlazi, karibu na Durban. Wasichana wa miaka 18 hadi 23 walipimwa damu mara mbili kila wiki, na siku hizohizo walipewa mafunzo ya kujitafutia kazi. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba wasichana waliokuwa na mchanganyiko wa bakteria wengi wasio laktobasili walikuwa na hatari ya kuambukizwa zaidi ya mara nne, wakilinganishwa na wale wenye laktobasili imara. Sababu ilianza kuonekana pia. Bakteria hao huchokoza ukuta wa uke, na mwili huitikia kwa kupeleka pale askari wake, chembe nyeupe za damu. Ole wetu, chembe hizo ndizo hasa ambazo virusi vya UKIMWI huzitafuta ili viingie ndani yake. Wakati huohuo bakteria haohao hutoa vimeng'enya vinavyoula ule ute. Yaani mlinzi ameondoka, mlango umetafunwa, na wale wanaowindwa wamekusanywa kizingitini.

Sabuni, ndimu na shabu

Ni wachache kati yetu walioolewa bila kufundwa namna ya kujisafisha. Shangazi na somo walitufundisha kwa upendo, nao walifundishwa hivyohivyo. Wengine waliambiwa waingize kidole na sabuni, wengine kitambaa, wengine maji ya ndimu, siki au chumvi. Wako waliopewa shabu au majani ya kubana, kwa kuwa kuna waume wanaosifu ukavu.

Mwaka 2011 zilikusanywa takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 kutoka tafiti 13 zilizofanyika kusini mwa Sahara. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni kuliandamana na ongezeko la hatari ya kuambukizwa virusi la karibu robo. Kwa waliotumia vitu vya kukausha au kubana, ongezeko lilikuwa karibu theluthi moja. Kwa waliojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi, lilikaribia nusu. Vajinosisi nayo ilionekana zaidi kwa wenye mazoea haya.

Si vigumu kuona njia yake. Sabuni huondoa uchachu na kuwafukuza laktobasili. Kitambaa na shabu huchubua. Kisha harufu inapokuja, mama huongeza sabuni, na laktobasili wachache waliosalia nao huondoka. Nje oga kwa maji, inatosha. Ndani uke hujisafisha wenyewe.

Na kwa kuwa tumetaja mtindi, tuseme waziwazi: mtindi unywewe. Laktobasili wa maziwa si wale wanaoishi ukeni, na kuupaka huko si tiba.

Dawa iliyoliwa na bakteria

Kwa miaka mingi akina mama wametamani kinga ambayo mwanamke anaweza kuitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Mwezi wa Julai 2010, katika mkutano wa Vienna, ilitangazwa habari ya jeli ya tenofoviri. Wanawake 889 wa Durban na wa Vulindlela, huko KwaZulu-Natal, walikuwa wameijaribu chini ya usimamizi wa Quarraisha Abdool Karim na mumewe Salim. Waliipaka ukeni kabla na baada ya tendo. Nusu yao walipewa jeli yenye dawa, nusu jeli isiyo na dawa. Maambukizo yalipungua kwa asilimia 39. Watu walilia kwa furaha siku ile.

Kwa nini 39 tu, na si 80? Wengi hawakuitumia kila mara, na hilo lilikuwa sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ilipatikana mwaka 2017, watafiti walipochunguza ute wa wanawake 688 kati ya hao. Kwa wale ambao laktobasili walitawala, jeli ilipunguza maambukizo kwa asilimia 61. Kwa wale ambao wengine ndio waliotawala, ilipunguza kwa asilimia 18 tu. Katika maabara gadinerela alionekana akiivunjavunja tenofoviri upesi kuliko seli za mwanamke zilivyoweza kuipokea. Bakteria walikuwa wanaila dawa!

Jeli hiyo haikufika madukani. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha faida, hasa kwa kuwa wanawake wengi hawakuitumia. Lakini tusiogope kupita kiasi. Dawa za kinga zinazomezwa hupitia damu, na uchunguzi wa mwaka 2017 juu ya wanawake wa Kenya na Uganda waliomeza vidonge vya kinga haukuona kwamba vajinosisi inapunguza nguvu zake. Mwaka 2024 ikaja habari ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa chini ya ngozi mara moja kila miezi sita: kati ya wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati wa jaribio. Mama ambaye mumewe ana virusi, au anayejua moyoni kwamba mumewe hatulii, aulize kliniki kuhusu dawa za kinga bila kungoja kwanza mambo ya bakteria yatengemae.

Je, kutibu vajinosisi kunazuia UKIMWI?

Tungependa kujibu ndiyo. Hata hivyo, hadi sasa hakuna jaribio lililothibitisha kwamba kutibu vajinosisi peke yake kunapunguza maambukizo ya virusi. Mkoani Mwanza, matibabu bora ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati yalipunguza maambukizo mapya ya virusi kwa takriban asilimia 40, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 1995. Lakini huko Rakai, ambako watu wa vijiji vizima walipelekewa dawa majumbani kila baada ya miezi 10, metronidazoli ikiwa mojawapo, taarifa ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba maambukizo ya virusi hayakupungua. Vajinosisi yenyewe haikupungua pia. Dozi moja kila miezi 10 ni kama kufagia uwanja mara moja kwa mwaka.

Udhaifu wa tiba tuliyo nayo ndio kiini cha shida. Kwa kawaida mgonjwa hupewa metronidazoli ya miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Saba, si mbili. Humsaidia, lakini baadaye hali hurudi. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliotolewa mwaka 2006, ulikuta kwamba imewarudia zaidi ya nusu katika muda wa miezi 12. Dawa huwaua bakteria wabaya, lakini haipandi wale wema.

Kuna wanaojaribu kupanda. Mwaka 2020 ilitoka taarifa ya wanawake 228 wa Marekani waliotibiwa kwanza kwa metronidazoli, kisha baadhi yao wakawekewa ukeni laktobasili hai waliotoka kwa mwanamke mwenye afya. Baada ya wiki 12 hali ilikuwa imewarudia 30 kati ya 100, badala ya 45 kati ya 100 kwa wale waliowekewa kitu kisicho na bakteria. Ni hatua nzuri, ingawa ndogo.

Hatua kubwa zaidi ilitokana na swali ambalo akina mama wamelijadili jikoni miaka yote: na baba je? Zamani walipopewa waume vidonge tu, wake zao hawakupata nafuu, na vitabu vikaandika kwamba mume hahitaji dawa. Watafiti wa Melbourne hawakuridhika. Wakawachukua wanandoa na wachumba 164, ambao mwanamke ana vajinosisi na wote wawili hawana mwingine. Wanawake wote walitibiwa. Nusu ya wanaume walipewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Baada ya wiki 12 hali iliwarudia wanawake 35 kati ya 100 ambao wenzao walitibiwa, na 63 kati ya 100 ambao wenzao hawakutibiwa. Taarifa hiyo ilitoka Machi 2025. Wengi wa wanaume hao hawakuwa wametahiriwa, na hapa tunakumbuka Rakai tena: mwaka 2009 ilionekana huko kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi kwa kiwango pungufu ya wenzao.

Kwa hiyo dada ambaye hali humrudia kila mara asikubali kumeza vidonge peke yake mwaka baada ya mwaka. Aende kituo cha afya, aseme wazi ni mara ngapi imerudi na alimeza nini kwa siku ngapi, na aombe mhudumu amweleze mume naye atibiwe vipi. Waume wengi wakiambiwa na mhudumu badala ya mke, husikia. Akiwa mjamzito aseme pia, maana vajinosisi imehusishwa na kuzaa kabla ya wakati, na mwenye dalili hutibiwa hata akiwa na mimba. Na kama maji ni ya njano au kijani yenye povu, huenda ni trikomonasi. Huo ni ugonjwa wa zinaa, na mume lazima atibiwe siku hiyohiyo.

Wako pia wasomaji wetu ambao wanaishi na virusi tayari. Utafiti wa wanandoa zaidi ya 2,000 wa nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ulionyesha mwaka 2012 kwamba mwanamke mwenye virusi na vajinosisi kwa pamoja alikuwa na uwezekano wa kumwambukiza mumewe wa zaidi ya mara tatu. Wanawake hao hawakuwa wameanza dawa za kupunguza makali. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku, na kipimo kikaonyesha kwamba virusi havionekani katika damu, hamwambukizi mumewe kwa tendo la ndoa. Aanze na hilo, kisha ya bakteria nayo ayapeleke kliniki siku anapokwenda kuchukua vidonge.